Cheti cha Umeme Usiotetereka

Haya yalitokea katika nchi moja ambayo ukiiulizia njia pale mpakani, askari atakuangalia juu mpaka chini akwambie umekwisha kufika. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha! Ni kwamba kulitaja jina la nchi yetu kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali haina umeme wa kuchapia.

Mimi naitwa Hamduni. Kazi yangu ni kukaa katika kituo cha kupozea umeme cha mji wa Ruvungo, mbele ya ubao wenye swichi, nikingoja simu. Simu ikilia, sauti kutoka makao makuu ya Shirika inasema, "Ruvungo, pumzisha laini ya tatu," nami nainuka naishusha swichi ya tatu. Mmelisikia neno hilo? Kupumzisha. Kwetu umeme haukatiki. Kukatika kulipigwa marufuku na Waziri wa Mwanga na Matarajio, siku ile alipokuwa akilihutubia taifa redioni na hotuba ikaishia katikati ya neno "maendeleo". Tangu hapo umeme unapumzika tu, maskini, maana unachoka sana, na atakayesema umekatika anaitwa kituo cha polisi aeleze alikuwa na maana gani.

Laini za Ruvungo ni tisa, lakini makao makuu walikuwa wanazijua nane. Mtaalamu aliyetumwa kuchora mchoro wa kituo chetu alianza kuhesabu swichi asubuhi na mapema, alipofika ya nane akaitwa kula pilau kwa mkuu wa wilaya. Sasa nani atoke kwenye pilau la mkuu wa wilaya arudi kuhesabu swichi? Mchoro ukaenda na laini nane, ukapigwa mihuri mitatu, na kwetu kitu kikishapigwa mihuri kimekuwa kweli. Laini ya tisa ikawa haipo. Na kwa kuwa haipo, hakuna aliyewahi kupiga simu kuipumzisha.

Laini hiyo isiyokuwapo ndiyo iendayo kituo cha afya, wodi ya wazazi, kwa muuguzi wetu Sista Leokadia. Sista ana kasha la joto, la kioo, la kuwalazia watoto njiti, wale wanaokuja duniani kabla ya siku zao. Moja tu, kwa wilaya nzima. Miaka kumi na moja kasha lile halikupoa hata dakika moja. Mji mzima utakuwa gizani, mashine za kusaga kimya, Mashauri kinyozi ana wateja wanaotembea na nywele nusu kichwa wiki nzima wakingoja laini ya pili iamke, lakini kwa Sista taa inawaka.

Sista ni mwanamke wa maneno machache. Siku moja alikuja mpaka dirishani kwangu akanikazia macho.

"Kaka Hamduni, nina ombi moja. Jambo la laini hii usimwambie mtu. Wakubwa wakijua kuna taa inawaka mahali, hawatulii mpaka waulize kwa nini."

"Ah, Sista! Hili nitakwenda nalo kaburini."

"Niapie."

Nikamwapia.

*

Sasa niwaeleze habari za Baraza. Nchi yetu na jirani zake sita zimeunganishwa kwa waya mmoja mkubwa, na ili kuulinda waya huo kumeundwa Baraza la Kanda la Umeme Usiotetereka. Makao yake yako nchi jirani, katika jumba la ghorofa kumi na nne lenye jenereta tatu za akiba, kwa sababu Baraza linauamini umeme wa kanda lakini halipendi kuusumbua. Baraza lilitugawia bango, nami nikalibandika ukutani. Lina picha ya mama mmoja mtanashati mwenye kofia ngumu ya njano, anatabasamu, na chini yake maneno: "Umeme wako hauaminiki? Tuandikie. Baraza linakusikiliza."

Nilikaa na yule mama miaka miwili tukitazamana. Kila nikishusha swichi nilikuwa naona haya mbele yake. Basi siku moja, baada ya kupokea simu ya kupumzisha laini zote nane kwa wiki tatu mfululizo ili nchi yetu iweze kupeleka umeme kwa jirani, na mambo ya ujirani mwema mnayajua, nilishindwa. Nikachukua kalamu nikaliandikia Baraza kurasa nne. Nilieleza yote, siku kwa siku, saa kwa saa, mpaka nywele za wateja wa Mashauri nikazitaja.

Na ukurasa wa tatu, hapo ndipo shetani aliponipitia. Niliogopa wasije wakadhani mimi ni mlalamishi tu nisiyejua kazi. Nikataka wajue kuwa Ruvungo kuna fundi. Nikaandika: "Kutotetereka kunawezekana. Ushahidi ni laini yangu ya tisa, ambayo haijazimika kwa miaka kumi na moja." Nikaupigia mstari chini kwa rula. Jamani, sentensi ile niliipenda! Niliisoma mara tatu kabla ya kufunga bahasha.

Baada ya miezi saba likaja jibu. Ilikuwa fomu ya kurasa thelathini yenye maswali kama haya: "Je, ukosefu wa umeme ulitokea wakati umeme upo, au wakati umeme haupo? Weka alama ya vema." Nikajaza, nikaweka vema kote kote nisionekane mkaidi. Miezi minne tena, ikaja barua yenye mstari mmoja: "Tunakuja."

Nilicheza. Mtu mzima na mvi zangu, nilicheza peke yangu mbele ya ubao.

*

Kabla ya Baraza kufika, alifika Mkurugenzi Mkuu wa Shirika, Kanali Mstaafu Mhandisi Profesa Lwebandiza, na magari tisa. Akaamuru nguzo zipakwe chokaa mpaka kimo cha kifua, kwa maelezo kwamba mkaguzi hatazami juu ya hapo. Kisha akaniita pembeni, akatoa mfukoni karatasi. Niliutambua mwandiko wangu.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Mheshimiwa, nilikuwa..."

"Baraza walinitumia nakala siku ile ile. Ndio utaratibu wao. Anayelalamikiwa lazima amjue aliyemlalamikia, ili wakikutana wasalimiane." Akanikumbatia. Ndiyo, alinikumbatia, marashi yake yakanibakia shatini mpaka jioni. "Mzee Hamduni, umeliokoa taifa! Miaka sita tunaomba Baraza lije litukague hawaji. Nchi zote sita zina Cheti, sisi peke yetu hatuna. Wewe umewavuta kwa kurasa nne!"

"Umezisoma, mheshimiwa?"

"Ya kwanza tu. Ilinitosha, imejaa hisia."

Wiki ile kasha la Sista lilikuwa na mtoto. Binti wa mama mmoja aitwaye Mwantumu, mwuza vitumbua pale sokoni; alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, kilo moja na kidogo. Nilipita kumwangalia. Kidole changu kilikuwa kinene kuliko mkono wake. Mwantumu aliniuliza, "Eti mjomba, hao wageni wakija umeme utakuwa wa uhakika?" Nikamjibu kifua mbele, "Mwanangu, hao ndio wenye umeme wao."

*

Wakaguzi walikuja watatu, na kiongozi wao alipovua miwani nilitaka kupiga kelele. Alikuwa ndiye mama wa bango! Daktari Ernestina Kapakala, mwenyewe, na kofia yake ya njano. Alinishika mikono miwili.

"Ndiye wewe Mzee Hamduni? Barua yako ilinitoa machozi, baba yangu. Tumekuja kwa ajili yako."

Niambieni, mngekuwa ninyi msingemwamini?

Ukaguzi ulikuwa na masharti sitini na mawili. La kwanza lilihusu miti. Nyuma ya kituo palikuwa na mpapai wangu, wakaupimia kamba.

"Mita mbili na sentimita themanini kutoka kwenye waya," akasema Daktari Ernestina kwa huzuni. "Sharti ni mita tatu. Ukigusa waya, nchi saba zinaingia gizani."

"Lakini mama, waya huo hauna umeme tangu mwezi uliopita."

"Mzee wangu, sharti halisemi waya wenye umeme. Linasema waya."

Mpapai ukakatwa na mapapai yake mabichi, nchi ikapata alama. Wakakagua ndoo ya mchanga, wakakuta ina mchanga, alama. Wakagundua cheti changu cha mafunzo kimepitwa na wakati, nikafundishwa upya kwa dakika kumi na moja jinsi ya kusimama mbele ya ubao nilioukabili miaka ishirini na sita, nikafaulu, alama. Mkurugenzi Mkuu alikuwa akipiga makofi kila alama. Kufikia saa sita tulikuwa na masharti arobaini kamili bila dosari, katika mji ambao haukuwa na nyumba hata moja yenye taa.

Nikamsogelea yule mama taratibu. "Samahani, mama. Kwenye watu tutafika saa ngapi?"

"Watu gani?"

"Wa Ruvungo. Wasio na umeme."

Alinitazama kwa upole kabisa, upole wa bangoni. "Baba yangu, sisi tunasimamia gridi. Tunahakikisha waya mkubwa hautetereki. Mtu akikosa umeme nyumbani, waya unapata nafuu. Kwa kweli, kwa upande huo Ruvungo mmejitahidi sana."

Kisha akafungua sharti la arobaini na moja.

*

Sharti la arobaini na moja linasema hivi: nchi moja ikipata shida, kila kituo katika kanda kionyeshe kwamba kinaweza kuzima laini moja inayowaka ndani ya dakika kumi, ili waya upumue. Na lazima kionyeshe kwa vitendo, mbele ya mkaguzi.

Mkurugenzi Mkuu akacheka. "Kuzima? Hapo mmefika kwa wenyewe. Mzee Hamduni, zima."

"Nizime ipi, mheshimiwa? Zote nane zimekwisha kuzimwa."

Jasho likaanza kumtoka Kanali Mstaafu Mhandisi Profesa. Laini iliyozimwa haizimiki mara ya pili, hilo halihitaji uprofesa. Nikaona mlango wa kutokea, nikasema haraka haraka, "Basi tuwashe ya tatu kwa dakika tano, halafu tuizime. Kila mtu atafurahi."

"Haiwezekani," akasema Daktari Ernestina, na safari hii sauti ilikuwa kali. "Kuwasha kitu ili ukizime ni udanganyifu. Baraza haliwezi kushiriki udanganyifu."

"Basi tumefeli!" Mkurugenzi Mkuu akashika kichwa. "Taifa zima kufeli kwa sababu ya Ruvungo!"

"Subirini kidogo." Daktari Ernestina alifungua jalada lake, akalamba kidole, akapekua mpaka ukurasa wa tatu wa barua yangu. Niliona mstari wangu wa rula kutoka pale niliposimama. "Mzee mwenyewe ameandika. Laini ya tisa. Haijazimika kwa miaka kumi na moja. Kumbe ipo!"

Mkurugenzi Mkuu akanigeukia, uso umechanua. "Hamduni! Ulikuwa na laini inayowaka, umenyamaza?"

"Mama," nikamwambia yule mwanamke, wala sikumjali tena Mkurugenzi, "hiyo inakwenda wodi ya wazazi. Kuna mtoto njiti ndani ya kasha la joto. Nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu."

Akanishika bega. "Dakika kumi tu, baba yangu. Nakupa neno langu. Dakika kumi mtoto hatapoa. Na ujue, usipoizima wewe, ataizima mwingine asiyejua kuirudisha."

Nikafikiri, huyu analia akisoma barua, huyu hawezi kunidanganya. Nikaishusha swichi ya tisa kwa mkono wangu huu. Wakapiga makofi. Mkaguzi wa pili akaja na kufuli jekundu, akaifunga swichi pale chini ilipo, akatia ufunguo mfukoni. Ushahidi, akasema.

Simu ya kituo ikalia papo hapo.

"Kaka Hamduni, umeme umekatika." Sista alilisema neno lenyewe, bila kuogopa mtu. "Kuna nini huko?"

"Jaribio tu, Sista. Dakika kumi."

"Jaribio la nini? Nani kaijua laini hii?"

"Dakika kumi, Sista, nakuapia," nikasema, nikakata simu.

*

Dakika ya nane magari yote yaliondoka kwenda hafla ya chakula cha mchana katika ukumbi wa wilaya. Nilikimbia nyuma yao kwa miguu. Nilipofika, Waziri wa Mwanga na Matarajio alikuwa amekwisha kusimama, jenereta inanguruma nje, na watu mia tatu wanamsikiliza.

"Ndugu wananchi! Walituambia hatuwezi! Leo, mbele ya kanda nzima, tumethibitisha kwamba tunaweza kuzima! Tumezima wenyewe, kwa mikono yetu, kwa wataalamu wetu, bila msaada wa mtu!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Nikapenya mpaka meza kuu. "Mama, dakika ishirini na tano sasa. Ufunguo."

Daktari Ernestina alifuta midomo kwa kitambaa. "Ufunguo unakwenda na jalada makao makuu, mzee."

"Na kurudisha laini?"

"Kurudisha ni sharti la arobaini na mbili." Akaninong'oneza, kana kwamba ananipa zawadi: "Hilo linakaguliwa mwakani. Mwaka huu hampotezi alama."

Mungu anisamehe kwa niliyomwambia pale, siyaandiki hapa. Nilirudi kituoni mbio, nikachukua msumeno wa chuma nikalikata lile kufuli. Lilikuwa gumu, nadhani ndicho kitu pekee imara ambacho Baraza limewahi kutuletea. Laini ya tisa iliwaka baada ya saa mbili na dakika kumi. Nilipofika wodini, Mwantumu alikuwa amekaa kitandani na binti yake kifuani, ngozi kwa ngozi, na wanawake wanne wamemzunguka kwa khanga na maji ya moto chupani. Mtoto alikuwa hai. Sista alinitazama, akashusha pumzi, akasema, "Umerudisha. Ahsante."

*

Nchi ilipata alama tisini na nane kwa mia. Mbili zilipotea kwa sababu mtumishi wa Ruvungo aliharibu mali ya Baraza, yaani kufuli. Cheti cha Umeme Usiotetereka kililetwa kwa ndege, kikatembezwa mikoani, wanafunzi wakapangwa barabarani kukipungia mikono.

Pamoja na Cheti likaja sanduku la chuma. Mafundi wa Baraza walilifunga juu ya swichi ya tisa na askari akawekwa mbele yake, maana habari za msumeno wangu zilikuwa zimefika mbali. Nikauliza ni la nini. Wakaniambia: katika nchi nzima, laini ya tisa ya Ruvungo ndiyo pekee iliyothibitishwa kwamba inazimika. Kwa hiyo kuanzia sasa, waya mkubwa ukitetereka popote katika nchi saba, jumba la ghorofa kumi na nne litaizima lenyewe kutoka huko huko. Simu haitakuwapo, wala mimi sitahitajika.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya uwanja wa mpira wa nchi ya kusini, walikuwa wanajaribu taa zao kubwa saa saba mchana. Dakika arobaini. Mara ya pili, nilivyosikia, lifti zote za Baraza zilipanda kwa pamoja. Mara ya tatu ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, mvua inanyesha na baridi kali, na sababu hatukuambiwa. Nilimpigia magoti yule askari. Akalia na yeye, lakini bunduki hakuishusha. Binti wa Mwantumu alifariki kifuani kwa mama yake saa nane mchana. Alikuwa bado hajapewa jina.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipokea bahasha yenye nembo ya Baraza. Ndani mlikuwa na nakala ndogo ya Cheti na barua ya mkono, kwa wino wa buluu: "Mzee wangu Hamduni, nakushukuru kutoka moyoni. Bila barua yako tusingeijua laini ya tisa. Wako, Ernestina."

Nilikuwa bado nimeishika aliposimama Sista Leokadia dirishani. Nikaikunja upesi nikaitia mfuko wa shati. Alikuwa amekonda. Aliongea kwa sauti ndogo, bila kunitazama.

"Kaka Hamduni, nimefikiri mpaka nimechoka. Laini ile haikuwa kwenye mchoro. Walijuaje?"

"Serikali ina njia zake, Sista," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akapitisha mkono dirishani, akanipigapiga begani kama mtu anayemfariji mfiwa.

"Pole, kaka yangu. Nchi nzima hii, wewe peke yako ndiye ambaye hukutuuza."

Nikamwitikia, "Ahsante, Sista."